Damu ya Mgonjwa wa Nimonia Ikisafishwa, Kinachotolewa ni Nini?

"Mama, figo za mzee zimeanza kugoma. Tunaomba ridhaa yenu tumsafishe damu."

"Dokta, mbona sisi tumemleta na kifua?"

Mazungumzo ya namna hii hufanyika nje ya mlango wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, na mara nyingi hukatika hapohapo. Daktari anaitwa kitandani, mama anabaki na fomu mkononi. Usiku ule familia inajijibu yenyewe. Mmoja anasema damu ya baba imeingia sumu. Mwingine kasikia kwamba ukianza dialisisi, huko kusafishwa damu kwa mashine, ndiyo basi tena, huachi mpaka uingie kaburini. Wa tatu anauliza kama haitatosha ile dawa ya mitishamba ya "kusafisha damu" inayouzwa pale stendi, maana ni nafuu kuliko mashine.

Siwalaumu. Neno lenyewe ndilo linalowachanganya. Tunaposema "kusafisha damu" kwa mgonjwa mahututi wa nimonia ya virusi, tunazitaja kwa jina moja kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kufanya kazi ya figo zilizosimama: kutoa taka, maji ya ziada na asidi. Ya pili ni kujaribu kuchota kwenye damu kemikali ambazo kinga ya mwili imezimwaga ikipigana na virusi. Kazi ya kwanza imekuwa ikiokoa watu kwa miaka themanini. Ya pili ilipigiwa debe sana wakati wa Uviko-19, lakini ilipopimwa kwa haki haikutoa ilichoahidi. Asiyezitenganisha anaweza kukataa ile inayookoa, au kuuza shamba kwa ajili ya ile isiyothibitika.

Tuanze na swali la mama, kwa sababu ni swali zuri: kifua na figo vimekutana wapi?

Nimonia ya virusi, iwe ya mafua makali au ya Uviko-19, hushambulia vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu. Vifuko vikijaa majimaji, oksijeni haivuki kuingia kwenye damu. Figo ziko chini kabisa, mgongoni, na huenda virusi havijazigusa. Lakini figo mbili zile, ndogo kama ngumi, hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo kila dakika. Kiungo kinachotegemea damu nyingi kiasi hicho huona njaa mapema. Mgonjwa amekaa nyumbani siku tano na homa, hali wala hanywi vizuri, na anafika hospitali mwili umekauka. Presha inashuka. Akiwekwa kwenye mashine ya kupumulia, hewa inaingizwa kifuani kwa msukumo, na msukumo huo unabana mishipa mikubwa inayorudisha damu kwenye moyo, hata damu ituame nyuma yake, figo zikiwamo. Pengine kabla ya kuja alikuwa anameza diklofenaki kutwa mara tatu kupunguza maumivu, dawa ambayo huzinyima figo damu wakati zinapoihitaji zaidi. Na kama alikuwa na kisukari au presha ya miaka mingi, figo zilikuwa zimechoka tangu zamani, ila hazijasema.

Ukubwa wa jambo hili ulionekana New York mwaka 2020. Katika hospitali za mtandao wa Northwell, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 5,449 wa Uviko-19 waliolazwa majira yale. Figo ziliumia kwa asilimia 36.6 yao. Kwa waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia, idadi ilifika asilimia 89.7. Karibu wote. Kwa hiyo daktari anayezungumza habari za figo kwa mgonjwa aliyeletwa na kifua hajapotea njia.

Sasa mashine yenyewe. Anayejua kupika papa mkavu anaijua dialisisi, ila hajaambiwa. Papa wa chumvi huwezi kumtia sufuriani hivihivi. Unamroweka kwanza kwenye maji baridi. Chumvi inatoka nyamani taratibu na kuingia kwenye maji, mpaka pande zote mbili zilingane, kisha inasimama. Ukiyamwaga na kuweka mengine, inaanza kutoka upya. Nyama haitoki, chumvi inatoka. Ndani ya chujio la dialisisi mna maelfu ya mirija myembamba kama nywele. Damu inapita ndani ya mirija, na nje yake yanapita maji maalumu yakielekea upande wa kinyume, mapya wakati wote. Taka kama yurea na kreatinini, pamoja na potasiamu iliyozidi, vinavuka ukuta wa mirija kuingia majini. Seli za damu ni kubwa mno, hazipiti. Na kwa kuwa maji yale yametiwa chumvi kwa kipimo, mwili haupotezi chumvi unayoihitaji. Tena bikaboneti iliyomo huvuka kuja upande wa damu na kupunguza asidi.

Hiyo ni njia moja. Ya pili anaijua kila aliyewahi kukamua tui. Kwenye kifumbu hakuna kusubiri chumvi ijitokee, unabana. Tui linapita pamoja na kila kilichoyeyuka ndani yake, machicha yanabaki. Mashine nayo inaweza kuibana damu hivyo, ikalazimisha maji yatoke. Kwa mgonjwa wa nimonia hapo ndipo penye faida kubwa, kwa sababu mapafu yake tayari yameloa. Figo zikiacha kutoa mkojo, kila dripu anayowekewa inabaki mwilini, na sehemu yake huishia kifuani. Nimeona ndugu wakishangaa kwamba mgonjwa wao ameanza kuhitaji oksijeni kidogo baada ya dialisisi ilhali nimonia iko palepale. Si miujiza. Yametolewa maji yaliyokuwa yamejumlishwa juu ya ugonjwa.

Aliyeifanya kazi hii iwezekane kwa binadamu ni Willem Kolff, daktari kijana wa Uholanzi, katika mji mdogo wa Kampen, wakati nchi yake imekaliwa na jeshi la Ujerumani. Vifaa havikupatikana. Alichukua selofeni, ile ngozi bandia ya kufungia soseji, akaizungushia pipa lililokuwa linazunguka ndani ya beseni la maji ya chumvi, na damu ikapita ndani ya selofeni. Wagonjwa wake wengi wa mwanzo walifariki. Mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 aliyekuwa amepoteza fahamu kwa figo kufeli alizinduka baada ya kuunganishwa na pipa lile. Kila mashine iliyoko Muhimbili au Kenyatta leo ni mjukuu wa pipa hilo.

Lakini mgonjwa mahututi si mgonjwa wa figo wa kawaida, yule anayekuja kwa miguu yake mara mbili au tatu kwa wiki, akakaa saa nne, akarudi nyumbani. Katika saa nne hizo maji yanayopita kwenye chujio ni kama lita 120, na mwili unanyang'anywa kwa haraka taka na maji ya siku kadhaa. Mtu ambaye presha yake inashikiliwa kwa dripu ya dawa anaweza asiuvumilie mwendo huo. Presha inaporomoka, na figo zilizokuwa zinasubiriwa zipone zinapata pigo jingine.

Jibu lilipatikana Ujerumani mwaka 1977, na lilianzia kwenye kosa. Peter Kramer, huko Göttingen, alikuwa anaingiza mrija kwenye mshipa wa paja la mgonjwa, akauingiza kwa bahati mbaya kwenye ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Alipoona damu inavyotoka kwa nguvu, akatambua kwamba moyo wa mgonjwa wenyewe unaweza kuisukuma damu kupita kwenye chujio bila pampu, polepole, mchana na usiku. Mashine za leo zimerudisha pampu, lakini wazo la mwendo wa pole limebaki. Mgonjwa anasafishwa saa 24, kwa kipimo cha mililita 20 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Mtu wa kilo 70 ni kama lita moja na nusu au zaidi kidogo kila saa. Kinachotolewa kwa siku nzima ni pungufu ya nusu ya kile kinachopita kwenye kipindi kimoja cha saa nne, ila hakikomi.

Ukiwa unafikiri kuosha zaidi ni kuosha vizuri zaidi, hukuwa peke yako. Madaktari wengi walifikiri hivyo. Utafiti wa RENAL wa Australia na New Zealand, uliotangazwa mwaka 2009, ulilinganisha mililita 25 na 40 kwa wagonjwa 1,508. Vifo ndani ya siku 90 vilikuwa asilimia 44.7 kundi hili, na asilimia 44.7 lile. Waliooshwa zaidi walipata hasara ndogo tu: chumvi ya fosfeti ilishuka zaidi, kwa sababu mashine haichagui taka na chakula.

Mashine za kuosha saa 24 zina gharama kubwa ya machujio na mifuko ya maji, na zinahitaji muuguzi asiyebanduka kitandani. Hospitali nyingi za kwetu hazina. Hilo lisiwavunje moyo. Mashine ya kawaida inaweza kupunguzwa mwendo ikafanya kazi saa sita hadi kumi na mbili, na wagonjwa wengi mahututi huivumilia. Pia kuna dialisisi ya tumboni: maji maalumu huingizwa kwenye uwazi wa tumbo, utando uliofunika utumbo ukawa ndio chujio, kisha yanatolewa. Haihitaji umeme wala pampu. Kule Moshi, KCMC ilishaitumia kwa wagonjwa wa figo zilizofeli ghafla, watoto kwa watu wazima. Kwa mwenye nimonia ina kikwazo kimoja: tumbo lililojaa maji husukuma kiwambo juu na kubana mapafu, na ni kazi kumlaza kifudifudi, mkao unaosaidia mapafu yaliyoharibika. Kinachofaa, basi, kinaamuliwa kitandani kwa mgonjwa, si kwenye katalogi ya mashine.

Jambo jingine ambalo ndugu huliona na kuogopa ni chujio lililojaa damu nyeusi kutolewa na kutupwa. Damu ikigusa plastiki hutaka kuganda, ndiyo maana inatiwa heparini au sitreti. Damu ya wagonjwa wa Uviko-19 ilikuwa inaganda upesi kupita kawaida. Machujio yaliziba ndani ya saa chache, kila moja likiondoka na damu kidogo ya mgonjwa. New York waliishiwa vifaa na wauguzi wakati mmoja, wakawa wanagawana mashine kwa zamu.

Na lini ianze? Hapa pana malalamiko mengi: "Walichelewa kumsafisha." Inawezekana, ipo hospitali iliyochelewa. Lakini kusubiri nako ni tiba, na hili limepimwa vizuri. Potasiamu ikipanda hata moyo ukaanza kugonga ovyo, asidi ikikataa kushuka, maji yakijaa mapafuni na dawa za kukojoza zimeshindwa, hapo hakuna kusubiri. Kama hayo hayajatokea, haraka haina faida. Ufaransa mwaka 2016, katika utafiti wa wagonjwa 620, karibu nusu ya waliosubirishwa hawakuhitaji dialisisi kabisa. Figo zilirudi zenyewe. Mwaka 2020 utafiti mkubwa wa STARRT-AKI, wagonjwa karibu 3,000 katika nchi 15, ulipata vifo asilimia 43.9 kwa walioanzishwa mapema na 43.7 kwa waliosubirishwa. Zaidi ya hapo, katika walionusurika, wale wa mapema ndio waliobaki kwenye mashine kwa wingi siku ya 90: asilimia 10.4 dhidi ya 6. Daktari akisema "tumtazame mpaka kesho asubuhi", muulizeni anatazama nini. Akiwatajia potasiamu, asidi, mkojo na maji ya kwenye mapafu, mko mikononi mwa anayejua.

Hapo ndipo kazi ya kwanza inapoishia. Kazi ya pili ina historia yenye matumaini makubwa, na naielewa sababu yake.

Virusi vinapoingia, seli hupiga mbiu. Mbiu hiyo ni protini ndogo zinazoitwa sitokini, na kwa kawaida zinasaidia: zinaita askari, zinapandisha homa. Kwa baadhi ya wagonjwa mbiu haikomi. Mishipa inavuja, presha inashuka, mapafu yanaloa zaidi. Ikaitwa dhoruba ya sitokini, na mtu yeyote akisikia neno hilo atauliza swali lilelile: si tuzichote?

Kwanza kuna suala la ukubwa. Yurea ina uzito wa dalton 60, dalton ikiwa kipimo cha uzito wa molekuli. Sitokini inayotajwa zaidi, interleukini-6, ina zaidi ya dalton 20,000. Albumini, protini ambayo hatutaki kuipoteza hata kidogo, ina kama 66,000. Chujio la kawaida linaipitisha yurea kwa urahisi na kuizuia albumini, na interleukini-6 inakwamakwama katikati. Ukipanua matundu, albumini inaanza kuponyoka. Wengine wakajaribu kuongeza nguvu ya kuosha: utafiti wa IVOIRE wa mwaka 2013 ulitumia mililita 70 kwa kilo kwa saa kwa wagonjwa wa sepsisi, yaani maambukizi yaliyouvuruga mwili mzima, mara mbili ya wenzao wa 35. Vifo havikupungua. Ndipo zikaja njia za kunasa badala ya kuchuja. Damu inapitishwa kwenye kopo lililojaa chembe zenye vitundu, sitokini zinanata humo kama harufu inavyonata kwenye mkaa. Njia nyingine ni kutoa plazima yote, yale maji ya manjano ya damu, na kujaza ya mtu mwingine.

Nchini China, Profesa Li Lanjuan wa Hangzhou alikuwa ameunganisha njia hizi katika mtambo alioutengeneza kwa ajili ya wagonjwa wa ini, unaoitwa ini bandia. Mafua ya ndege ya H7N9 yalipozuka mwaka 2013, timu yake iliutumia kwa wagonjwa mahututi. Februari 2020 alikwenda Wuhan, na mwongozo wa taifa wa China ukataja usafishaji damu kama njia ya kuzingatiwa kwa wagonjwa mahututi wa Uviko-19. Aprili mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kwa dharura vifaa kadhaa, vikiwamo CytoSorb na oXiris. Ruhusa ya dharura maana yake ni kwamba huenda kifaa kikafaa na hakuna kizuri zaidi kwa wakati ule. Familia nyingi, hata za kwetu, ziliisoma kama uthibitisho.

Kisha vipimo vikaja. Uchambuzi uliotoka mwaka 2020 ulikusanya viwango vya interleukini-6 kutoka tafiti nyingi. Kwa wagonjwa wakali wa Uviko-19 wastani ulikuwa kama pikogramu 37 kwa mililita. Kwa wagonjwa wa sepsisi, kama 984. Ile dhoruba iliyotajwa kila mahali, ndani ya damu ilikuwa upepo wa kawaida. Moto ulikuwa unawaka mapafuni kwenyewe, ambako kopo la kunasia halifiki.

Freiburg, Ujerumani, wakafanya jaribio lililohitajika. Walichukua wagonjwa 34 wa Uviko-19 waliokuwa mahututi kiasi cha kuwekwa kwenye ekmo, mashine inayotoa damu nje na kuitia oksijeni kwa niaba ya mapafu. Kwa kura, 17 wakapata kopo la kunasa sitokini kwa saa 72, na 17 hawakupata. Interleukini-6 ilishuka kwa makundi yote mawili, kopo halikuleta tofauti. Baada ya siku 30, kati ya waliosafishwa walikuwa hai 3. Kati ya wasiosafishwa, 13.

Watu 34 ni wachache, na mimi sisemi kopo ndilo lililoua kumi wale. Lakini njia za kudhuru zipo, wala si za kubuni. Chembe zinazonasa sitokini hunasa pia antibiotiki na dawa nyingine alizopewa mgonjwa saa moja iliyopita, na sitokini za kutuliza pamoja na za kuchochea. Halafu sitokini hutengenezwa upya kila dakika. Ni sawa na kuchota maji kwenye ngalawa iliyotoboka bila kugusa tundu.

Aliyeziba tundu alikuwa na kitu cha bei ndogo. Juni 2020 utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa Uviko-19 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Dawa hiyo haichoti sitokini, inazituliza seli zinazozitengeneza. Hospitali ya wilaya inayo kabatini. Naongeza onyo: si dawa ya kila nimonia, na kwenye mafua makali madaktari huiogopa kwa sababu inaweza kudhuru. Nayo mapafu yenyewe yana tiba zisizo na kopo lolote. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2013 uliwalaza kifudifudi, saa 16 na zaidi kwa siku, wagonjwa ambao mapafu yao yalikuwa yameharibika vibaya. Vifo vilishuka kutoka asilimia 32.8 hadi 16. Kilichohitajika ni wauguzi wanne au watano na mito michache.

Na virusi je, dialisisi huvitoa? Hapana. Vimekaa ndani ya seli za mapafu, na hata vinavyopotea njia vikaingia kwenye damu ni vikubwa mara nyingi kuliko matundu ya chujio. Zile chupa za stendi nazo hazitoi chochote kati ya hivi vyote, na baadhi ya mizizi huziumiza figo zilezile tunazohangaika kuziokoa. Mgonjwa mahututi asinyweshwe kwa siri kupitia mrija wa chakula. Tafadhali.

Nilisema kuna anayeamini kwamba ukianza huachi. Imani hii inatoka kwa wale wa mara tatu kwa wiki, ambao figo zao zilikufa polepole kwa miaka na kubaki makovu. Figo iliyogoma ghafla kwa kukosa damu ni habari nyingine, seli zake huota tena. Katika ule utafiti wa RENAL, kati ya walionusurika, waliokuwa bado wanahitaji dialisisi siku ya 90 hawakufika asilimia 7. Wengi hufa, hilo siwafichi, ila wanaopona kwa kawaida huiacha mashine nyuma.

Dalili ya kwanza kwamba figo zinarudi haionekani kwenye skrini. Iko chini ya kitanda, kwenye mfuko wa mkojo ambao kwa siku nane au kumi umening'inia mtupu. Asubuhi moja muuguzi anainama, anasoma mstari, anaandika: mililita 60. Kesho yake 150. Ikifika kama mililita 400 au 500 kwa siku bila dawa ya kukojoza, na kreatinini imeacha kupanda, daktari anaagiza mashine izimwe kwa siku moja waone. Mrija wa shingoni, uliokuwa unapitisha damu kwenda kwenye mashine, hautolewi siku hiyo. Unaachwa siku mbili tatu zaidi, ukisafishwa kila zamu, kisha unavutwa na kidonda kukandamizwa kwa pamba mpaka damu ikauke.